Msikutane kwa Wiki Sita

Kiswahili ndicho kinachonilisha. Ni mwaka wa kumi na moja sasa nakifundisha katika sekondari ya kata, huku kijijini Daudi, nje ya mji wa Mbulu, na mada ninayoifundisha kwa raha kuliko zote ni tafsida. Nawaambia wanafunzi kwamba tafsida ni adabu ya ulimi: mtu hazai, anajifungua, hafi, anatutoka, haendi chooni, anakwenda kujisaidia. Wanacheka hapo pa kujisaidia, kila mwaka, na mimi huwaacha wacheke. Siku hizi nikifika kwenye mada hiyo naifundisha haraka haraka, nawapa zoezi na kutoka nje.

Mume wangu ni mkulima, Mwiraqw wa hapa hapa, na Kiswahili chake alikipata shuleni na mnadani. Ni kizuri, hakina makosa mengi, ila kila neno analichukua kama lilivyo. Tulipokuwa bado tunachumbiana nilimwambia, "Jumamosi nitakutafuta," nikimaanisha nitampigia simu. Jumamosi alivaa koti, akaja asubuhi mjini Mbulu, nilikokuwa nimepanga chumba, akakaa kwenye benchi la duka moja karibu na stendi mpaka jioni ili nisipate shida ya kumtafuta. Nilipompigia jioni ile aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimepotea njia. Nilicheka siku tatu. Nikawasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka, na kwa miaka mingi kisa kile kilikuwa chakula chetu cha saa nne pale ofisini. Sikuwahi kufikiria mtu aliyekaa kwenye benchi siku nzima alijisikiaje.

Mimba ilikuja mwaka wa nne wa ndoa. Ilipofika miezi mitano maumivu yalinishika darasani, chaki ikiwa mkononi, na nilimalizia sentensi niliyokuwa naiandika kwa sababu sikutaka wanafunzi waone. Mwalimu mwenzangu alinipeleka hospitali kwa gari la kuazima. Kufika jioni kila kitu kilikuwa kimekwisha. Wakaniambia mimba imeharibika. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa maziwa na kwa viazi, na pale kitandani, mimi mwalimu wa lugha, nililitafutia neno jingine nikalikosa.

Nesi aliyenihudumia alikuwa mtu wa pwani, mama wa makamo, mwenye Kiswahili laini. Alimwita mume wangu kwenye korido akazungumza naye. Mimi dawa zilikuwa zimenilevya, nikawa nasikia sauti tu bila maneno. Mume wangu alipoingia alisimama miguuni pa kitanda, akashika chuma cha kitanda badala ya mguu wangu.

"Pole, mwalimu," alisema. Ndivyo anavyoniita, tangu mwanzo.

Nilinyoosha mkono. Aliutazama, akatazama mlango, akasema anakwenda kutafuta gari. Siku iliyofuata tuliporudi nyumbani alikaa mbele na dereva, mimi nyuma peke yangu na kanga yangu. Kesho yake asubuhi hakuwepo. Mama mkwe, ambaye nyumba yake na yetu ziko ua mmoja, aliniletea taarifa: amekwenda Gitting kwa kaka yake, kuna viazi vya kuvuna.

Viazi. Mke ametoka hospitali jana, na mtu amekwenda kuvuna viazi, tena si vya kwake.

Asubuhi ile ile mama mkwe aliniletea uji katika kikombe ambacho sikuwahi kukiona, cheupe cha bati, chenye maua mekundu. Nilipomaliza alikiosha peke yake, akakitundika kwenye msumari nje ya mlango wangu. Mchana akaleta sahani, nayo baada ya chakula ikabaki kwangu. Jioni akaleta kigoda, akakiweka kizingitini. Hakuwa na haja ya kunieleza. Nilikuwa nimeishi Daudi muda wa kutosha kujua kwamba zamani mwanamke aliyepoteza mimba alikaa pembeni kwa miezi, asishike vya watu, asipeane mikono, asipite kwenye ng'ombe wa jirani, mpaka muda wake uishe. Nilijua pia kwamba kanisani walishahubiri mambo hayo yamekwisha, na kwamba mama mkwe huitikia amina kwa sauti kuliko wote. Lakini kikombe kilikuwa kwenye msumari.

Majirani walikuja. Walisimama karibu na geti la miti, wakanisalimia kutoka kule, wakasema Mungu atatoa mwingine. Huku kwetu kusalimiana ni mkono. Mtu atavuka barabara yenye tope akupe mkono. Wanawake wa kanisa waliomba wakiwa wamesimama mlangoni, mikono wameikunja ndani ya vitenge. Sikuwalaumu sana. Aliyenichoma ni yule wa Gitting.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa naanika nguo nikaona gauni limelowa kifuani. Nilidhani ni maji ya nguo. Nikaingia ndani, nikavua, nikaona ni maziwa. Yalikuwa yanatoka yenyewe, matiti yamejaa na kuwa magumu, yanauma mpaka kwapani, na homa juu. Hakuna aliyeniambia kwamba yangekuja. Mwili wangu haukuwa umepata habari. Ulikuwa unaendelea na maandalizi. Nilikaa kitandani nikiwa na taulo kifuani, nikalia kwa hasira, nikautukana mwili wangu kwa maneno ambayo ningemchapa mwanafunzi akiyasema. Baadaye nilijifunga kanga kwa nguvu mpaka pumzi ikawa fupi. Ilichukua zaidi ya wiki kukauka. Sikumwambia mtu yeyote. Mama yangu mzazi alishatangulia, dada sina, na huyo ambaye ningemwambia alikuwa anavuna viazi.

Wiki zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Damu ilikwenda ikapungua. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Nilikuwa na likizo ya ugonjwa, nikawa nashinda kwenye kile kigoda nikitazama ukungu ukipanda na kushuka kwenye mashamba ya ngano. Jioni nilikuwa namsikia mama mkwe upande wa pili wa ukuta akizungumza kwenye simu kwa Kiiraqw. Kiiraqw changu ni cha sokoni tu. Nilishika "mwalimu", nilishika jina la mume wangu, nikajazia yaliyobaki mwenyewe. Nilijazia kwamba wanashauriana nirudishwe kwetu Singida. Nilijazia kwamba kuna binti wa huko Gitting ambaye mimba zake haziharibiki. Mtu akikaa peke yake hujitungia mtihani na kujisahihishia, na siku zote hujipa sifuri.

Ningeweza kumpigia. Simu ilikuwa na chaji na salio. Niliandika ujumbe nikaufuta, nikaandika tena. Lakini nina kiburi, na sikifichi: aliyeondoka ndiye apige. Swali lilikuwa moja tu, na sikuthubutu kulituma kwa sababu niliogopa jibu. Ananilaumu? Kama ananilaumu, basi ndoa yangu ilikuwa imekwisha siku ile ile, na mimi ndiye sijaambiwa.

Wiki ya nne nilimlipukia mama mkwe. Alikuja kuchukua kikombe, nikamuuliza kama mimi nina ukoma. Alikaa chini, kwenye nyasi, maana kigoda nilikuwa nimekikalia mimi. Akanieleza kwamba yeye alipoteza wawili kabla ya kumpata mume wangu. Mara ya pili alikaa kibanda cha nyuma msimu mzima wa mvua, akichotewa maji na kuachiwa njiani. Kikombe alichotumia wakati ule kilikuwa kibovu, kimetoboka, kinavuja uji mapajani. Ndiyo maana kwangu alinunua kipya, cha maua.

"Mimi nimeokoka," alisema, akitazama kiganja chake. "Lakini mkono wangu bado."

Nilitaka kumuuliza kuhusu mwanawe, nikashindwa, na yeye akachukua kikombe akaenda kukiosha.

Karatasi ya hospitali ilisema nirudi baada ya wiki sita. Nilikwenda siku tatu kabla, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa anakwenda mjini na gari lake lilikuwa na nafasi. Nikamkuta nesi yule yule. Nilimwamkia shikamoo, akanipima, akanibonyeza tumbo, akaniuliza kuhusu damu, usingizi na kula. Akauliza maziwa yalikauka lini. Nilipomwambia sikuwa nimeambiwa lolote kuhusu maziwa aliweka kalamu chini, akaomba radhi, na alionekana ameumia kweli. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu zake:

"Na baba, mmeshaanza kukutana?"

Nilimwambia hatukutani kabisa. Nilimwambia yuko Gitting tangu siku ya pili ya kurudi nyumbani, na uso wangu sijui ulikuwaje.

"Hongera yake," alisema akiandika. "Wengine ukiwaambia msikutane wiki sita, hata ya pili haifiki."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Alimwambia mume wangu pale koridoni, kama anavyowaambia waume wote: mama apumzike, msikutane kwa wiki sita. Nesi aliendelea kuzungumza kuhusu vidonge vya damu na uzazi wa mpango. Mimi nilikuwa namwona mtu amevaa koti, amekaa kwenye benchi la duka, anasubiri kutafutwa.

Kesho yake alfajiri nilipanda basi mpaka Babati, nikaunganisha mpaka Katesh, na Katesh nikachukua bodaboda ya kupanda Gitting. Safari yote nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kumwambia yeye ni mtu mzima, ana mdomo, angeweza kuuliza. Nilipanga kumwambia kwamba hata kama ni nesi, hata kama ni rais, mke haachwi. Yalikuwa maneno mazuri, yamenyooka, na nilipofika Katesh nilikuwa nayajua kwa moyo.

Shemeji, mke wa kaka yake, alinionyesha shamba kwa kidole bila kuniuliza kitu. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu kichwani na upepo ulikuwa wa baridi. Mume wangu alikuwa katikati ya matuta ameinama na jembe. Amekonda, mifupa ya shingo imemtoka. Aliponiona alinyooka, uso ukafunguka wote, akapiga hatua mbili kuja kwangu. Halafu akasimama, akarudi nyuma matuta mawili, akanyoosha mkono mbele kama anayesimamisha ng'ombe.

"Mwalimu, usisogee," alisema. "Bado siku mbili."

Nilisimama. Nilimuuliza kwa nini hakupiga hata simu, na sauti yangu ilitoka mbaya.

"Nilikuwa nampigia mama kila jioni. Wewe nikikusikia, ningekuja. Na nesi alisema kama tukikutana utaumia." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Wazee wanasema hivyo, hospitali nayo ikasema hivyo. Nikajua basi ni kweli."

Nimefundisha tafsida miaka kumi na mmoja. Pale shambani, shemeji akiwa ukingoni anasikia na watu wawili wakivuna ng'ambo ya pili, nililazimika kuivunja. Nilimwambia kwa sauti kwamba nesi alimaanisha tusilale pamoja kama mke na mume. Hilo tu, basi.

Nilimwona analigeuza lile neno kichwani, analitazama upande huu na upande ule.

"Kuonana?" aliuliza.

"Tulikuwa tunaruhusiwa."

"Kula pamoja?"

"Tulikuwa tunaruhusiwa."

"Kukushika mkono?" Nilitikisa kichwa kukubali. Akatazama jembe lake. "Hata siku ile ya kwanza? Pale kitandani?"

"Hata siku ile."

Jembe lilimtoka mkononi. Alikaa juu ya tuta, juu ya viazi vya kaka yake, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Yale maneno yangu ya safarini niliyatafuta nikakosa hata moja. Nilivuka matuta mawili, nikakaa kwenye udongo, nikaushika ule mkono mchafu, nikamweleza kuhusu maziwa.