Kioo cha Upande Mmoja

Karatasi ile niliuziwa Butembo na rafiki yangu muuza vipuri vya magari, Mwislamu ambaye hajawahi kumdanganya mteja, ndiyo maana siwezi kumlaumu. Ni ile wanayobandika kwenye vioo vya magari, inang'aa kama sufuria mpya. Akaniambia imepakwa fedha. Nikamsahihisha, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia na kunyamaza sikujaliwa: huenda ni fedha, huenda ni alumini, la maana ni kwamba utando wa metali ni mwembamba mno hata mwanga mwingine unarudi na mwingine unapita. Aliye upande wenye mwanga mwingi anajiona mwenyewe. Aliye upande wa giza anamwona yeye.

"Mwalimu," akasema, "yote hiyo najua. Weye utaona batu, batu habatakuona. Donc, nikukatie metre ngapi?"

Nyumba yangu ni ya mbao, iko mtaa wa Mulekera, mjini Beni, na dirisha la sebuleni linatazama barabara. Majirani niliwaambia nabandika ile karatasi kwa ajili ya joto, maana hurudisha jua lilikotoka. Kweli hurudisha, lakini mimi niliibandika kwa ajili ya shangazi mmoja, nimwone akija kabla hajaniona.

Kulikuwa na mwanamke wa Butembo, mshonaji, niliyetaka kumuoa. Wazazi wake walikwisha kufariki. Aliyemlea ni shangazi yake, mama wa kanisani mwenye macho ya kupima. Shangazi alisema hatanijibu mpaka aje mwenyewe aone nyumba ambamo mtoto wake atalala, na amsikie huyo mwanaume akieleza anamtakia nini. Jibu lake lilikuwa moja tu, ndiyo au hapana, na akisema hapana hakuna wa kumrudisha nyuma.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Siku ya kwanza nilipomwalika yule mshonaji chai, nilimweleza jinsi fedha ikigawanywa kuwa chembe ndogo kupita kiasi inavyoacha kung'aa, na maji yenye chembe hizo yanavyogeuka njano kama chai isiyokolea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na chai yenyewe, tutakunywa saa ngapi?" Kuhusu mwanga nilikuwa nimemaliza mtaala wote. Kuhusu marehemu mke wangu nilikuwa sijamwambia hata neno.

Basi dirisha likang'aa, na mtaa mzima ukalifanya kioo chake. Akina mama waliokuwa wakienda kanisani walisimama kurekebisha vitambaa vya kichwa. Madereva wa pikipiki walikagua meno. Jirani yangu mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alikuja kila asubuhi kujaribu namna ya kutabasamu. Mimi nilikaa ndani na kikombe changu, nikiwacheka taratibu wasisikie, nikijiona bwana mkubwa. Nyani haoni kundule.

Siku ya ugeni nilifagia, nikapiga shati pasi, nikalitundika kitini lisijikunje, nikangoja. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Giza lilipoanza kuingia nilijua hawaji tena, kwa maana barabara ya Butembo hakuna anayeichezea jioni, kwa hofu ya wenye silaha. Sikujua kwamba walikuwa wamefika Beni mapema, na kwamba shangazi alikuwa akiwasalimia jamaa zake wote mmoja mmoja kabla ya kuniona mimi.

Nikawasha taa. Hapo dirisha, ambalo mchana kutwa lilinionyesha barabara, likanionyesha mimi: singlendi, kitambi, na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Nikafurahi kupata kioo. Mwalimu wa fizikia alifurahi tu. Hakujiuliza kwa nini.

Nikasimama mbele yake nifanye mazoezi ya hotuba, hata wakija siku nyingine. Nilianza na ile niliyoiandaa kwa Kifaransa, yenye diploma zangu zote, mkono mmoja kiunoni. Nikairudia na mkono mwingine. Ilinichosha hata mimi. Basi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akija, nikamwambia yule mtu wa kwenye kioo, kana kwamba ndiye shangazi, ukweli wangu.

"Mama, niko na woga," nikasema. "Tangu muke wangu alikufa, ningali napika sombe ya batu babili. Nikitoka, naacha radio inaongea, juu nikirudi nikute sauti ya mutu mu nyumba. Siyo mambo ya diploma. Sipendi tena kurudi nikute radio tu."

Nililia kidogo, nasema wazi. Kisha nikasikia hodi.

Shangazi aliingia na mshonaji nyuma yake, ameziba mdomo kwa kitenge, macho yamelowa, na sikuelewa ni kicheko au ni nini. Nilikimbilia shati, nikafunga vifungo mshazari. Nyumba ya mbao haifichi sauti, na dirisha langu sasa lilikuwa halifichi kitu kingine chochote, lakini wakati ule bado nilikuwa sijajumlisha. Wakakaa. Nikasimama, mkono kiunoni, nikatoa hotuba ya Kifaransa yote.

Shangazi alingoja nimalize.

"Mwalimu, hiyo tulishaisikia kule inje, mara mbili," akasema. "Ni nzuri, mais haikunitosha. Sema ile ingine. Mutoto wangu yuko hapa, umuambie yeye."

Ndipo nilipojumlisha: mwanga ndani, giza nje. Nilitazama dirisha, nikajiona nimesimama na shati langu lililopinda, na nyuma yangu wao wawili wakiningoja. Somo ambalo wanafunzi wangu hulipata kwa dakika chache lilinichukua jioni nzima na aibu yote ya Mulekera. Nikaanza kurekebisha vifungo. Hapo sote tukasikia sauti ya mwanaume chumbani, anasoma habari. Redio. Sikuwa nimeizima tangu asubuhi.

Mshonaji akainuka. Hakuomba ruhusa, hakuniangalia. Alipita mbele yangu, akaingia chumbani, na sauti ikakatika. Akarudi, na badala ya kukaa tena karibu na shangazi yake akavuta kiti changu, kile kilichokuwa na shati, akakikalia.

"Nimeizima," akasema. "Sasa ongea weye."