Sensa ya Jumamosi Nne

Ingegerd Hollsten hakumwamini mtu yeyote aliyeshika spana. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kazi yake kusafisha nyumba za wageni kule mlimani wanakoteleza kwenye theluji. Shule aliiacha mapema, akaenda kufua mashuka hotelini, kwa hiyo sura za watu alizisoma vizuri kuliko karatasi. Hivyo ndivyo alivyojidhania, hata baada ya mumewe Torgny kuhamia kwa Anneli, nyumba ya tatu kutoka kwao, na yeye kuwa mtu wa mwisho mtaani kujua.

Torgny aliondoka na gari jipya, akamwachia lile jekundu la mwaka tisini na tisa. "Hili nimelitunza kama mtoto," alimwambia, kama vile anampa zawadi. Ingegerd alilijaza ndoo, mifagio na mashine ya kufyonza vumbi, akaenda kazini.

Januari gari likafeli ukaguzi. Mkaguzi, kijana mwenye ndevu nyekundu, alichomeka mrija kwenye ekzosi, akatazama namba, akatikisa kichwa.

"Moshi mchafu, mama. Linakunywa petroli kupita kiasi. Kaangalie sensa ya oksijeni."

"Sensa ni mpya. Ilibadilishwa mwaka juzi."

"Nani alibadilisha?"

"Mume wangu. Siku hizo alikuwa bado mume wangu."

Kijana akachukua kalamu. Aliandika karatasi: mwezi mmoja wa kutengeneza, ukipita gari halina ruhusa ya kukanyaga barabara. Ingegerd aliona alivyouma mdomo akiandika. Huyu, akajisemea, ana binamu mwenye duka la vipuri.

Akaenda kwa fundi wa kwanza. Fundi akasema sensa. Akaenda kwa wa pili, mji wa pili, asiyemfahamu yule wa kwanza hata kwa jina. Naye akasema sensa. Mwingine angesikia ushauri. Ingegerd alisikia watu watatu wakiimba wimbo mmoja, akajiuliza walifundishana lini. Akampigia simu Torgny, ingawa aliapa hatampigia tena.

"Wasikudanganye hao," Torgny alisema. "Ile sensa nimefunga kwa mikono yangu. Unakumbuka nilivyohangaika nayo?"

Alikumbuka. Jumamosi nne mfululizo, mwezi wa kumi, Torgny alitoka asubuhi na gari, akisema anakwenda banda la kujitengenezea magari, na kurudi jioni. Imekwama, alisema, imeshikwa na kutu, leo nimeizungusha robo, wiki ijayo nitamaliza. Kila Jumapili Ingegerd alifua ovaroli iliyojaa mafuta meusi. Huwezi kufua ovaroli ya mtu mara nne halafu usiamini kazi yake. Na Jumamosi ya nne taa ya onyo ya injini ilikuwa imezimika kweli, ikakaa hivyo karibu mwezi mzima kabla ya kuwaka tena. "Gari la zamani lina wasiwasi kama mama mkwe," Torgny alisema.

Basi akaacha sensa, akabadilisha vitu vingine. Plagi mpya. Eya klina mpya. Silensa ikachomelewa tundu. Moshi ukabaki uleule, na mwezi ukaisha.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, wiki ya likizo ya shule ya Februari. Ukaguzi wa marudio ulikuwa saa nane mchana. Kesho yake, Jumamosi, nyumba kumi na moja zilikuwa zinabadilisha wageni, na kule juu hakuna basi. Msimamizi alikuwa ameshamwambia bila kupepesa macho: siku utakayokosa, kuna wengine wanasubiri. Ingegerd hakuwa na kazi nyingine, na kwa umri wake hakuwa na mahali pa kwenda kuiomba.

Saa tatu asubuhi aliingiza gari kwenye banda la kujitengenezea, lile lililokuwa kiwanda cha mbao zamani. Pale unakodi lifti kwa saa, unajichafua mwenyewe. Mwenye banda alikuwa Sixten, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyetengeneza malori maisha yake yote na sasa alikunywa kahawa akitazama wengine wakiteseka.

"Unatafuta nini, mama?"

"Tundu. Karibu na injini. Hewa inaingia mahali."

Sixten alipandisha gari, akapita chini yake taratibu na tochi, injini ikinguruma, akasikiliza.

"Hakuna tundu hapa. Sensa yako imekufa."

Ingegerd aliweka chini kikombe cha chupa yake ya kahawa. "Wewe ni wa nne. Mnakutana wapi nyie? Kanisani?"

"Mama wee, wewe ukipewa maziwa utauliza ng'ombe alikuwa na nia gani."

"Sensa ni mpya. Mume wangu aliibadilisha hapahapa kwako, Jumamosi nne, mwezi wa kumi, mwaka juzi."

Mzee alimtazama, kisha akaangalia ukutani ambapo hapakuwa na kitu cha kuangalia. "Hapa? Jumamosi za mwezi wa kumi?"

"Ndiyo."

"Mwezi wa kumi Jumamosi hapa kuna kufuli. Nipo msituni na bunduki, mimi na kila mwanamume mwenye miguu miwili. Ni msimu wa kulungu. Miaka kumi na moja sijafungua hata Jumamosi moja. Mumeo hawindi?"

Torgny hakuwinda. Alikuwa akizimia akiona damu. Jambo hilo Ingegerd alilijua vizuri: kama banda lilifungwa, basi Jumamosi hizo hakuwa hapa wala msituni. Lakini hakukubali haraka. Huyu naye ni nani? Labda anamjua Anneli. Labda anataka tu kuuza saa zaidi za lifti.

"Unasema tu," alisema.

"Nasema tu, kweli. Kwa hiyo usinisikilize mimi. Nenda kaangalie mwenyewe." Akamkabidhi tochi. "Fuata bomba la ekzosi kuanzia kwenye injini. Sensa ziko mbili. Ya chini, nyuma ya masega yanayosafisha moshi, hiyo iache. Ya juu, kabla ya masega, chini ya kile kibati cha kuzuia joto, ndiyo inayoiambia injini ichanganye petroli vipi. Imekaa kama plagi yenye mkia wa waya. Kila sensa ina mwaka wake, umepigwa kwenye chuma. Isafishe, usome."

Ingegerd alishusha gari, akafungua boneti. Kibati kilikuwa na skrubu tatu. Mbili zilitoka, ya tatu ikakatika kichwa. Chini yake alikiona: kidude kidogo kuliko kidole gumba, kimevaa kutu kama gome la mti. Akakisugua kwa brashi ya waya. Akaleta tochi karibu, akavaa miwani, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

Tisini na tisa.

Akainama zaidi, kichwa ndani ya boneti. Kutu ile haikuwahi kuguswa na spana. Kona zote sita zilikuwa kali kama zilivyotoka kiwandani. Jumamosi nne. Aliwaza mafuta ya kwenye ovaroli. Mtu ambaye hajafanya kazi, mafuta ameyatoa wapi? Alimwona Torgny mahali fulani njiani, ametoka kukutana na Anneli, amesimamisha gari, anafungua kopo, anajipaka mapajani na mikononi kama mwigizaji anayejiandaa kupanda jukwaani. Na yeye Ingegerd akaloweka, akasugua, akaanika.

"Na taa?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Taa ilizimika."

"Ukichomoa waya wa betri robo saa, taa inazimika. Inakaa kimya mpaka gari ligundue kosa tena." Sixten alikohoa. "Mama, saa yako ya ukaguzi ni ngapi?"

"Saa nane."

"Basi lia baadaye."

"Nani analia?"

Mwezi mzima alimshuku mkaguzi, akashuku mafundi wawili, akamshuku mzee huyu na kahawa yake. Mtu mmoja tu hakumshuku, na huyo ndiye aliyekuwa anamdanganya. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa akiifua kila Jumapili.

Duka la vipuri lilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikwenda kwa miguu, akawasomea namba ya gari, akarudi na boksi dogo. Hata hivyo alilifungua mbele ya muuzaji na kulinganisha waya na picha ya sensa ya zamani aliyopiga kwa simu, waya nne kwa nne, soketi kwa soketi.

Sixten alimpa spana maalumu, ya pete lakini yenye ufa ubavuni ili waya upite. Ingegerd alichomoa soketi, akapuliza dawa ya kutu, akavuta. Hakuna. Akavuta tena, mguu mmoja kwenye bampa. Hakuna.

"Washa injini dakika kumi," Sixten alisema. "Chuma kikipata moto kinalegea."

"Unataka niungue."

"Ukiungua nani atanilipa lifti?"

Akawasha. Akazima. Akavaa glovu za ngozi, akavuta, na akasikia mlio mfupi, kama kidole cha mtu kinavunjwa. Kwa sekunde moja aliamini amekata kila kitu. Kisha spana ikaenda. Robo. Nusu. Nyuzi zikatoka safi.

Kichwa cha sensa kilikuwa kimejaa masizi meusi. Mpya aliipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi tu, akiangaliwa na Sixten aliyekuwa akirudia, "Ncha usiiguse, ncha usiiguse," mpaka Ingegerd akamwambia, "Mzee, nimelea watoto wawili, najua kisichoguswa." Akaianzisha kwa vidole, nyuzi zisije zikapishana, kisha akakaza. Waya akaufunga mbali na bomba la moto. Betri akaichomoa robo saa, gari lisahau kosa la zamani, na hilo nalo lilimuuma kulifanya kwa mkono wake mwenyewe. Wakati akisubiri alikula mkate mkavu na mayai ya samaki ya kwenye tyubu, amesimama, bila kuonja kitu.

Kabla ya saa nane aliliendesha gari nusu saa barabarani lipate moto. Mkaguzi mwenye ndevu nyekundu akachomeka mrija. Ingegerd hakutazama mashine; alitazama mdomo wake. Haukuumwa.

"Safi kabisa," kijana alisema. "Umebadilisha nini?"

"Sensa."

"Kwa fundi gani?"

"Mimi."

Kijana akaangalia mikono yake, nyeusi mpaka kwenye viwiko, akagonga muhuri.

Nje, ndani ya gari, Ingegerd alimpigia Torgny.

"Nimepita ukaguzi."

"Unaona! Si nilikuambia sensa haina shida? Kitu nikikifunga mimi kinadumu."

"Kimedumu kweli, Torgny. Nimeitoa sensa leo na kusoma mwaka wake. Kimedumu tangu tisini na tisa."

 Nyuma ya Torgny ilisikika sauti ya Anneli, iko jikoni labda, ikiuliza, "Nani huyo, mpenzi?"

Ingegerd hakukata. Alisubiri, sikio limebanwa kwenye simu, asikie mtu huyu atajibu nini.

"Watu wa ukaguzi wa magari," Torgny alimwambia Anneli. "Wamekosea namba."

Ingegerd akakata simu. Akawasha gari, akalitegea sikio kidogo, kisha akashika njia ya mlimani kuchukua funguo za nyumba kumi na moja.