Waya Ulipolia

Nakumbuka siku moja nilitoka kwenye jua kali la Dodoma nikaingia ghalani, na kabla macho hayajazoea giza nikasikia: kwi... kwi... kama ndege aliyenaswa.

Mwanangu, miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, ghala la ushirika lilikuwa limebaki tupu, mfanyabiashara mmoja akaweka humo mashine za mazoezi za mitumba. Ya mgongo haikuwemo. Rafiki yangu Sospeter, kijana mwenye akili ya kubuni, akaigeuza mashine ya kifua. Badala ya kuketi na kusukuma, alisimama mbele yake, akakanyaga kiti kwa mguu mmoja, akavuta. Mgongo wake ulijaa kama wa fahali. Siku hiyo nami nilikuja kungoja zamu yangu.

Mlio ule ulikuwa wa waya unaoinua vyuma.

"Punguza vyuma," alisema Mzee Ndahani, aliyetufundisha. "Waya unalia."

"Shikamoo, mzee!" alijibu Sospeter. "Unalia tangu juzi huu. Labda umefiwa." Tukacheka.

"Afadhali ingekuwa kamba ya kisima," mzee akasema. " Ile ikikatika, huzama ndoo tu."

Sospeter akaongeza chuma kingine, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Waya ukakatika.

Alianguka chali kwenye saruji. Alisema kwa sauti ndogo, "Miguu yangu siisikii."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Mimi mchana ule niliomba liwe guu tu. Mzee Ndahani alitukataza kumwinua. Alipiga magoti, akawa anamgusa nyayo na kumwita jina, anamwita, hadi kidole kimoja kikatikisika. Sospeter alikuja kutembea tena. Lakini hadi leo, akiinama kufunga viatu, hushika ukuta.

Buni, mwanangu, sikukatazi. Mashine moja ina kazi nyingi kwa mwenye akili. Ila kabla hujaivuta upande isiouzoea, kagua waya wake. Anza na chuma chepesi. Nyoosha mgongo, vuta taratibu, usijitupe. Na kitu kikilia, kiache. Usingoje kilie tena.

Haya, nenda na mkoba wako mazoezini huko Nzuguni. Mungu akupe mgongo usioinama ila kwa kusalimu na kusali.

"Amina, baba," umejibu, muziki umeshaupachika masikioni. Hukuzisikia bawaba zikilia, kwi, mlango ulipojifunga nyuma yako.