Goti la Kushoto

Nilianguka katikati ya uwanja, mahali pasipo na jiwe wala shimo.

Na haikuwa mara ya kwanza. Goti la kushoto liliingia ndani tu, nikala vumbi la Katesh mbele ya wenzangu.

Mama akasema kuna mtu ananichezea. Nikaamini. Ukame ulikuwa umetubakizia mbuzi wachache, mchujo wa timu ya riadha ya jeshi umekaribia, na nyumbani hapakuwa na tumaini lingine zaidi ya miguu yangu.

Mwalimu Letisia, aliyekuwa akitunoa, hakutaka habari za wachawi. Aliniambia nivue raba, nisimame kwa mguu mmoja, nifumbe macho.

Kulia, tuli. Kushoto, chini.

Akauliza huwa nasimamaje nikichunga. Nikamwonyesha: mguu wa kulia ardhini, wa kushoto umekunjwa, unyayo juu ya goti la kulia, mwili umeegemea fimbo. Wachungaji wa kijijini kwetu Gehandu tunasimama hivyo tangu utoto.

"Basi huo wa kushoto haujawahi kukubeba peke yake," alisema.

Akanipa mazoezi: kuusimamia, kuruka na kutua taratibu, goti lisiingie ndani.

Nilijituma kwelikweli, huko huko malishoni. Ila fimbo nilikuwa nayo. Nani anachunga bila fimbo?

Siku moja kabla ya mchujo akanipima. Nikaanguka. Nilipomsimulia nilivyofanya, akashika kichwa.

"Fimbo ndiyo imefanya mazoezi, Gidahosh. Kesho usikimbie."

"Mwalimu, naomba. Nyumbani hakuna kitu."

"Mchujo utakuja mwingine. Hilo goti likikatika utafanyaje?"

Nililia njia nzima. Asubuhi nikapanda gari la Babati, kwenye mchujo, bila kumuaga.

Na nilishinda, jamani! Niliwaacha wote, goti halikuguna hata kidogo. Nikasema moyoni, yule mwalimu alitaka kunizibia riziki.

Nikaitwa kambini. Tulilala ghorofani, na mimi sikuwahi kuishi nyumba yenye ngazi. Asubuhi ya kwanza, kabla hata ya mazoezi, nilishuka kwenda kuoga. Mguu wa kushoto ukatangulia.

Nikasikia pa!

Hospitali walisema kano ya goti imekatika. Kambi ikanirudisha nyumbani.

Mwalimu alikuja kunijulia hali. Nilimpa shikamoo nikiwa nimejifunika shuka usoni. Aliitikia, akakaa, hakunisuta hata kwa neno moja. Hilo liliniumiza kuliko goti.

Ndugu yangu, kushinda siyo ushahidi kwamba hukukosea. Mimi nilikuwa wa kwanza Babati, na leo siwezi kuchuchumaa kukamua mbuzi.