Siku Boila Lilipomtoa Bibi Bafuni

Enzi zetu pale Nyakabiga, Bujumbura, mtoto alijua vizuri maji ya moto yanatoka wapi, maana macho yake yalikuwa yamewashwa na moshi wake. Tulitoka barabarani kuruka kamba, miguu imepakwa vumbi hadi magotini, sare za buluu za shule zimechafuka pindo, tukapiga magoti mbele ya mbabura, jiko letu la makaa, tukapuliza mpaka vichwa vikazunguka. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walikuwa wanakaangwa kwenye jiko la pili, harufu yao inaingia mpaka kwenye taulo. Ukijaribu kukwepa kuoga, Mama alikuwa na neno lake: "Mutoto akilala na vumbi, usiku muzima anaota anacheza. Kesho atachokea shule."

Wa kwanza kuoga alikuwa Bibi, mama yake Baba. Miguu yake ilikuwa imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, na bila maji ya moto hakuweza hata kukunja goti. Msimu wa mvua makaa yalilowa, mbabura ikatoa moshi mtupu, na Bibi akaingia kitandani akiguna. Baba alikuwa fundi cherehani, mashine yake imeegemea ukuta wa chumba cha Bibi. Kila guno lilipopita ukutani, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

Ndiyo maana siku moja alirudi kutoka Rohero na boila juu ya mkokoteni. Mteja wake mmoja alikuwa anahama, akamwachia. Lilikuwa pipa jeupe la chuma, refu kama mtu aliyekaa, rangi imebanduka ubavuni. Majirani walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumwona bibi harusi. Baba alilifunga mwenyewe ukutani bafuni, akisaidiwa na jirani anayejua umeme kidogo. Jioni ile alifungua bomba, maji yakatoka ya moto bila moshi, bila sufuria, bila mtu kupuliza. Mimi niliweka sikio kwenye lile pipa. Nilitaka kujua moto umekaa wapi.

"Toka hapo, we Zena!" Mama alinifokea. "Iyo kitu haiko radio."

Kwangu ilikuwa radio kabisa. Asubuhi lilinong'ona. Baada ya miezi likaanza kukoroma, halafu likawa linagonga ndani kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo. Maji yakachukua muda mrefu kupata moto, na mara nyingine yalitoka na rangi ya chai. Niliuliza kila mtu. Kaka yangu alisema kuna chura. Mwalimu alisema nirudi kwenye hesabu zangu. Bibi alisema chuma nacho kinazeeka, viungo vyake vinalia kama vyake yeye.

Kilichomsumbua Baba kilikuwa kingine. Chini ya boila palikuwa na kidude cha shaba kilichodondosha maji kila lilipochemka. Tone, tone, ukuta ukaota ukungu. Baba, mtu nadhifu, hakuvumilia. Alichonga kijiti, akakisukuma kwenye tundu, akakifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, akazungusha mara nyingi kama anayefunga jeraha. Matone yakaisha. Alifurahi, akatuita tuone.

Jioni moja Mama alimkalisha Bibi kwenye kigoda bafuni, akampaka sabuni kichwani na mabegani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika taulo. Boila lilikuwa linanguruma kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, sauti nzito iliyotetemesha hata ndoo. Mama alifungua bomba. Badala ya maji ukatoka mvuke, ukifoka na kutema, ukamchoma vidole. Alirudisha mkono, akalitazama pipa, kisha akatazama ule mpira wa baiskeli uliokuwa umevimba.

Mama alikuwa mpishi wa harusi. Alijua kitu gani kinatokea sufuria kubwa ya pilau ikifunikwa ikakosa pa kupumulia.

"Zena, ita baba yako azime moto ku mita! Kimbia!"

Nilikimbia. Baba aliruka kutoka kwenye mashine, akashusha swichi kuu, nyumba ikanyamaza isipokuwa lile pipa. Mama alikuwa ameshamzungushia Bibi kitenge. Baba alimbeba mama yake mgongoni, sote tukatoka mpaka barabarani, tukawaita na majirani wa ukuta wa pili watoke.

Basi Bibi akakaa kwenye kiti kando ya barabara, povu kichwani, watu wanapita wanamwamkia. Naye aliitikia kila mmoja kwa heshima zote, kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Ndani boila liliendelea kunguruma, halafu likapunguza, halafu kimya. Ndipo aliposema, "Mi nilishasema. Maji ya kujificha ku chuma haina adabu."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alitangaza kwamba kesho analitoa boila liende kwa wauza vyuma chakavu. Mama alikataa.

"Na magoti ya mama yako tutayapeleka wapi, chuma chakavu? Ita fundi kwanza."

Fundi Swedi alikuja kutoka Buyenzi na mfuko wa spana, akaanza kwa kunywa chai. Alipouona mpira wa baiskeli aliuliza nani amefanya. Baba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Usijali, mzee," Swedi alisema. "Mi boila yangu ya kwanza niligeuza mabomba. Mwenye nyumba alioga baridi mwezi muzima, akasema ni tabia ya maji ya Bujumbura." Kisha akamwonyesha kile kidude cha shaba. "Kudondoka ile ni pumzi yake. Maji ikipata moto inavimba. Ukifunga hapa, itatafuta mulango kwingine, na mulango kwingine ni ukuta yako."

Alilitoa maji yote. Kwanza yakatoka ya kutu, halafu mchanga. Alipofungua kifuniko cha chini, vikamwagika vipande vyeupe kama maganda ya mayai, karai likajaa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinagonga. Nilichota mkononi, vilikuwa vyepesi na vikali kingoni. Rezistansi, ile fimbo ya chuma inayopasha maji, ilikuwa imefunikwa chokaa mpaka ikanenepa kama muwa. Tena kile kidude cha kukata umeme maji yakishapata moto kilikuwa kimekwama. Ndiyo maana lilichemka bila kujua pa kuishia. Swedi aliniruhusu kuingiza kichwa pipani. Nilisema "Ee!" na pipa likanijibu kwa sauti ya mtu mkubwa. Chura hakuwemo.

Akabadilisha fimbo, akabadilisha vile vidude viwili, akaweka kibomba cha kupeleka matone kwenye ndoo. Bibi akayatumia kumwagilia mboga zake za lengalenga.

Lakini kurudi bafuni aligoma. Kwa wiki nzima alitaka mbabura. Mwishowe Baba alivua shati, akaingia yeye kwanza, akaoga huku akimsimulia kwa sauti jinsi maji yalivyo. Alipotoka, Bibi alimpapasa mgongo kuhakikisha hakuungua, kisha akaomba mkono wa Mama. Sote tulisimama uani. Tulisikia maji, halafu sauti yake: "Mutoto yangu, iko muzuri. Iko muzuri sana." Baba alirudi kwenye mashine yake, akakaa, wala hakushona.

Mwezi uliopita boila dogo la binti yangu, ninayekaa kwake hapa hapa mjini, liliacha kutoa maji ya moto. Alilipiga picha, akaiuliza simu yake, na kabla ya chakula cha mchana kijana alikuwa mlangoni na jingine jipya. Nilimwomba afungue lile la zamani nione kumetokea nini ndani. Alinitazama kwa huruma. "Maman, hii hatufunguake. Tunatupa tu." Wajukuu zangu hawakuinua hata macho. Kwao maji ya moto yanatoka ukutani, basi, kama vile katuni zinavyotoka kwenye simu.

Sitaki kusema uongo, maji ya kwa binti yangu ni mazuri na yanakuja hapo hapo. Ila enzi zetu ukiwa unaoga palikuwa na mtu nje ya mlango, anakuuliza, "Imetosha, ama nikuongezee?" Siku hizi nasimama chini ya yale maji, nyumba nzima kila mtu na simu yake, na mara nyingine najikuta nimejibu kwa sauti: imetosha.