Ng'ombe Hawajafika

Wanaonijua hapa Mbulu mjini wanajua hili: mimi nikikata sauti, imekatika vizuri. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya simu, kuta nimezibandika vipande vya magodoro, na vijana wengi wanaofoka wilayani wamepita humo. Kwa hiyo niliposhuka kijijini Getanuwas kurekodi kinubi cha mjomba, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mjomba ni kaka yake mama, mfugaji. Kinubi alikipata zamani kwa kubadilishana ndama na mtu wa upande wa Singida, na tuni anayoipiga aliitunga mwenyewe, ya ng'ombe wanavyorudi nyumbani kutoka bwawani. Alinipa sharti moja: nisitoe wimbo kabla hajausikia. Alianza kupiga, na baada ya dakika moja hivi nilishapata sekunde nane tamu kabisa. Nikamwambia, "Inatosha, mjomba." Akanitazama, akaacha kupiga.

Studioni nikazirudia zile sekunde nane mwanzo hadi mwisho, nikaweka ngoma nzito na besi chini yake. Rapa wangu alipoisikia alipanda juu ya kiti. Mkoa mzima hakuna aliyekuwa na biti kama ile, nasema bila aibu.

Nikarudi Getanuwas na spika ndogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti yangu. Haya, weka nisikie."

Alisikiliza ameegemea fimbo. Ngoma hazikumsumbua, kichwa kilitikisika, nami nikaanza kutabasamu. Kwenye ubeti wa pili kichwa kikatulia. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Mbona hawafiki?"

"Nani, mjomba?"

"Ng'ombe. Wametoka bwawani, wamepanda pale kilimani, halafu wewe unawarudisha bwawani. Tena na tena. Umewachosha bure. Huo usiutoe."

Niliona haya, na hasira pia, maana kurudiarudia ndiyo kazi yenyewe ya biti. Lakini ukweli ni kwamba mimi nisiyekosea kukata nilikuwa nimemkata mzee katikati ya safari. Nikamwomba apige tena, yote.

Alipiga taratibu, vidole vimekakamaa kidogo. Kidole changu kiliniwasha kubonyeza kitufe cha kukata, nikakificha mfukoni. Mwishoni kabisa aligusa uzi mnene peke yake, mara moja, akatulia, mara nyingine, akatulia. Kumbe ndipo walipokuwa wanaingia zizini mmoja mmoja, na mimi sikuwahi kufika huko.

Biti sikuibadilisha, mimi ni mbishi. Zile sekunde nane bado zinazunguka chini ya mashairi. Ila rapa akimaliza, ngoma zinanyamaza na kinubi kinatembea peke yake karibu dakika nzima. Rapa alilalamika kwamba watu hawatasikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza studio ni ya nani.

Safari ya tatu mjomba alisikiliza mpaka uzi mnene ulipolia mara ya mwisho.

"Wameingia wote," akasema. "Sasa funga lango."

Nilifurahi kweli. Wimbo niliutoa palepale uani kwake, simu nimeinyanyua juu kutafuta mtandao.