Muda wa Baba pale Kivukoni

Baba na mimi tumeshiriki mashindano ya magari ya masafa marefu, yeye enzi zake, mimi enzi hizi, na kwa miaka mingi tulibishana nani dereva. Kombe lake liko juu ya kabati, sebuleni kwetu Ifakara. Mimi ninayo mawili, na hajawahi hata kuyafuta vumbi.

"Nyie mnaendeshwa na magari," alikuwa akisema. "Sisi tope la bonde hili tulilipita kwa mikono."

Nilikuwa nakasirika mpaka chakula kinanishinda. Nilitaka mzee yule, kabla macho yake hayajapofuka kabisa, aniambie mara moja tu kwamba tumelingana.

Mwaka jana nikapata pa kumkamatia. Sandukuni mwake nilikuta karatasi za njia za siku aliyoshinda, kipande cha Ifakara hadi Lupiro. Mwandiko ulikuwa wa baba mdogo, aliyekaa pembeni yake akimsomea kona. Alikufa mtoni kabla sijazaliwa; tuliambiwa alikuwa anaoga. Niliazima pikapu kuukuu ya jirani, mzee asije akasingizia gari, nikaondoka mchana kweupe.

Nilisoma kona kwa sauti. Baada ya muda nikagundua nazijua kabla sijazisoma.

Kivukoni paliandikwa: "Honi tatu. Subiri ajibu." Enzi za kivuko dereva alipiga honi, na mtu wa kivuko akijibu kwa honi moja ndefu, maana yake mnyororo umefungwa, panda. Penye nafasi ya muda wa kusubiri hapakuwa na kitu. Kuanzia hapo muda ulijazwa kwa mwandiko wa baba.

Sasa kuna daraja. Nikapiga honi tatu kwa utani, na kwa kuwa mzee hakusubiri, nami sikusubiri. Nilikuwa katikati ya daraja honi moja ndefu ilipotoka chini, majini. Nilisimamisha gari nikachungulia. Kulikuwa na mtumbwi mmoja, na mvuvi aliyekuwa akikunjua nyavu wala hakuinua kichwa. Niliogopa, nasema kweli, nikaenda mpaka Lupiro bila kutazama kioo.

Jioni nilimkuta baba kitandani, redio ikiongea peke yake. Nikamwamkia, akaitikia.

"Baba, nimeufuata muda wako," nikasema. "Nimeupita."

"Kivukoni ulipiga honi?"

"Nilipiga."

"Ukasubiri jibu?"

"Sikusubiri."

Akazima redio. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu sauti ile.

"Likaja ukiwa umeshapanda," akasema.

Akasema taratibu, macho yake meupe yakitazama dari, kwamba mdogo wake alikuwa ameshuka kumwelekeza magurudumu. Mnyororo ulikuwa haujafungwa. Gari lilipopanda, kivuko kikasogea, mdogo wake akadumbukia kati ya kivuko na ukingo. Jibu lilikuja baada ya hapo. Watu wakamwambia baba kijana anajua kuogelea, atatokea ng'ambo, naye akaamini kwa kuwa muda wake wa mashindano ulikuwa mzuri. Alimalizia njia akijisomea mwenyewe.

Nilitazama kombe lile kupitia mlango wa chumba, nikatamani asiseme tena neno.

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata.

"Basi tumelingana, mwanangu," akasema.